Makaa ya Mawe ya Lamu: Leseni Ilivyotolewa, Ilivyofutwa, na Yale Ambayo Kila Kijiji Kinapaswa Kuyajua

Juma hili nawaandikia nikiwa mbali na bahari. Niko Chepilat, kituo cha biashara kilichokaa mpakani mwa Bomet na Nyamira, kwenye barabara itokayo Sotik kuelekea Kisii. Dada yangu mdogo ameolewa huku, na mumewe ana duka la nguo. Asubuhi ukifungua dirisha huoni dau wala mnazi. Unaona ukungu, na chini yake majani chai yaliyojipanga mpaka jicho lichoke. Baridi yake, ndugu zangu, si ya kuvaa kanzu peke yake.

Juzi baada ya sala ya alasiri tulikaa mbele ya duka la shemeji tukinywa chai. Mzee mmoja, mkulima wa chai, akaniangalia kofia kisha akaniuliza: "Ustadhi, si ni nyinyi watu wa Lamu mlikataa stima?"

Aliuliza kwa heshima, bila kejeli. Akaendelea: "Sisi huku kiwanda kikilipa stima, bonasi yetu inapungua. Nyinyi serikali iliwaletea stima mpaka mlangoni, mkasema hapana. Mlikuwa na shida gani?"

Mimi mzaliwa wa Mombasa, wajomba zangu ndio wa Lamu. Lakini kwa watu wa bara Pwani ni moja, na swali lilikuwa langu kulijibu. Nilimjibu kwa maneno machache. Usiku nikalala nikijilaumu, kwa sababu jibu langu lilikuwa la kujitetea tu, halikuwa na maelezo. Nikakumbuka pia kwamba hata huko kwetu, ukimuuliza mtu barabarani ni kwa nini ule mradi wa makaa ya mawe ulikwama, wengi watasema "watu waliandamana." Kuandamana waliandamana, ni kweli, lakini si maandamano yaliyofuta leseni. Leseni ilifutwa kwa hoja ya kisheria ambayo mkulima wa Chepilat anaweza kuitumia kesho kama alivyoitumia mvuvi wa Amu. Basi makala haya ni jibu langu kamili kwa yule mzee, na ni kumbukumbu kwetu sote.

Mradi wenyewe ulikuwa nini

Mwaka 2013 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuongeza zaidi ya megawati 5,000 za umeme katika muda wa miezi 40. Katika mpango huo mlikuwa na mtambo mmoja mkubwa wa kuchoma makaa ya mawe, wa takriban megawati 1,050, ambao ungejengwa Kwasasi, eneo la Hindi, bara ya kaunti ya Lamu. Kutoka Kwasasi hadi mji wa kale wa Lamu ni kama kilomita 20 tu. Mji huo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Mwaka 2014 zabuni ilichukuliwa na kampuni ya Amu Power, muungano ulioongozwa na kampuni mbili za Kenya, Gulf Energy na Centum. Gharama ilitajwa kuwa dola bilioni mbili. Sehemu kubwa ya fedha ilitarajiwa kuwa mkopo kutoka China. Makaa yenyewe yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini kwanza, kisha baadaye yachimbwe bonde la Mui huko Kitui.

Hofu za watu hazikuwa za kubuni. Mtambo wa aina hii hutoa moshi wenye salfa na chembe ndogo zinazoingia mapafuni. Huacha majivu mengi yenye madini ya sumu, nayo lazima yahifadhiwe mahali kwa miaka na mikaka. Huvuta maji ya kupoza mitambo na kuyarudisha yakiwa na joto. Sasa fikiri maji hayo ya moto yanarudi katika ghuba yenye matumbawe, nyasi za bahari na mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na humo ndimo samaki na kamba wanamozalia. Kwa mvuvi, kuharibika kwa mikoko ni kufungwa kwa duka lake.

Tusifiche pia kwamba si kila mtu Lamu aliupinga mradi. Wapo vijana waliosubiri ajira. Wapo wakulima wa Kwasasi walioambiwa kwamba ardhi yao itachukuliwa na fidia itakuja, wakakaa wakiisubiri miaka. Hao nao wana haki ya kusikilizwa, na machungu yao ni ya kweli.

Njia ambayo sheria imeweka

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na namuomba msomaji asiruke.

Nchini Kenya, mradi mkubwa wa umeme hauanzi kwa amri ya waziri peke yake. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, ambayo wengi huiita EMCA, inamtaka mwenye mradi apate kwanza leseni kutoka kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA. Kabla ya leseni lazima ifanywe tathmini ya athari kwa mazingira. Kanuni za mwaka 2003 zilieleza namna ya kuifanya, hatua kwa hatua.

Kwanza, mtaalamu anaandika hadidu za rejea, yaani anaeleza atachunguza nini. NEMA inazikubali au inazirekebisha.

Pili, utafiti unafanyika, na katika utafiti huo wenye kuathirika lazima waulizwe. Kanuni zinataka mabango yabandikwe mahali pa watu wengi karibu na mradi, tangazo litoke gazetini kwa majuma mawili mfululizo, na redioni pia, kwa lugha rasmi na kwa lugha ya wenyeji. Mwenye mradi anatakiwa afanye angalau mikutano mitatu na wananchi, awaeleze athari, apokee maoni yao ya mdomo na ya maandishi. Mahali na saa ya mkutano viwe vimetangazwa angalau juma moja kabla. Na awepo mtu wa kuyaandika maoni hayo na kuyatafsiri.

Tatu, ripoti ikikamilika inapelekwa NEMA. NEMA nayo inautangazia umma kwamba ripoti ipo, inaweza kusomwa mahali fulani, na maoni yapelekwe katika muda uliowekwa, ambao sheria inaruhusu ufike siku 60. Inaweza pia kuitisha kikao cha hadhara.

Nne, NEMA inaamua. Inatoa leseni, inaikataa, au inaitoa na masharti.

Tano, asiyeridhika ana siku 60 kukata rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira. Asiyeridhika na Jopo ana siku 30 kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Juu ya yote hayo ipo Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi washiriki katika kuyalinda mazingira. Kifungu cha 35 kinampa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki yake ya mazingira inapoguswa, na wala hatakiwi kuthibitisha kwamba ameshapata hasara.

Yote haya niliyoyataja yanamhusu mwenye mtambo wa megawati 1,050 Kwasasi. Hata anayetaka kuziba mto huku milimani ili apate umeme wa maji, sheria ni ile ile ya EMCA inayomtazama.

Karatasi ya Septemba 2016

Ripoti ya tathmini ya mtambo wa Lamu ilipelekwa NEMA Julai 2016. Ilikuwa na kurasa nyingi mno, imeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Tarehe 7 Septemba 2016 NEMA ikatoa leseni.

Wenyeji hawakukaa kimya. Muungano wa vikundi vya wananchi uitwao Save Lamu, pamoja na wakazi kadhaa, ukisaidiwa na mawakili wa Katiba Institute, ulikata rufaa Novemba 2016. Nje ya mahakama ikaanza kampeni ya kitaifa iliyojulikana kama deCOALonize. Lakini ndani ya mahakama kazi ilikuwa ya subira: mashahidi, wataalamu, makaratasi, kuahirishwa, kurudi tena. Ilichukua karibu miaka mitatu. Wazee waliokuwa wakisafiri kutoka Amu kwa mashua, kisha kwa basi, kwenda kusikiliza kesi yao, wanastahili dua zetu.

Tarehe 26 Juni 2019 Jopo likatoa uamuzi wake. Leseni ikafutwa.

Kwa nini ilifutwa

Jopo halikusema kwamba makaa ya mawe ni haramu Kenya. Halikusema Lamu isijengwe mtambo milele. Lilisema njia iliyofuatwa haikuwa ile ya sheria, na kwamba Amu Power ikiutaka mradi bado, irudi mwanzo ifanye tathmini mpya.

Hoja kubwa ya kwanza ilikuwa ushirikishwaji wa umma. Mwenye mradi alionyesha kwamba mikutano ilifanyika. Ni kweli ilifanyika. Lakini iliyofanyika ilikuwa ile ya mwanzo, ya kutambulisha mradi, kabla utafiti haujakamilika. Wakati huo watu hawakuweza kuambiwa moshi utakwenda wapi, majivu yatawekwaje, maji yatarudi baharini na joto gani, kwa sababu majibu yenyewe yalikuwa hayajapatikana. Ripoti ilipokamilika ikiwa na majibu, haikurudishwa kwa wananchi ipasavyo ili wayaseme yao. Jopo lilieleza kwamba bila ya umma kushiriki, tathmini haina uhai, hata kama ripoti ni nene na imepambwa vipi.

Hoja ya pili ilikuwa ya NEMA yenyewe. Mlinzi wa kanuni alikuwa hakuzifuata kanuni zake wakati wa kutoa leseni.

Hoja ya tatu ilikuwa tabianchi. Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2016, kabla ya leseni kutolewa. Mtambo wa makaa ya mawe ni katika vitu vinavyotoa hewa ya ukaa kwa wingi kuliko vyote, na tathmini haikuipa sheria hiyo uzito uliostahili.

Amu Power ilikwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Malindi kuupinga uamuzi huo. Wakati kesi ikisubiri, wenye fedha walianza kuondoka mmoja mmoja. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilisema mwaka 2019 kwamba haitaufadhili mradi. Mwaka 2020 General Electric ya Marekani ilitangaza kwamba inaacha kujenga mitambo mipya ya makaa ya mawe, na benki ya ICBC ya China nayo ikajitoa. Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikaitupa rufaa na kuuacha uamuzi wa Jopo usimame. Kutoka leseni mpaka hapo ni miaka tisa.

Sahihi yangu

Niruhusuni nitubu kidogo. Miaka mingi nyuma, katika mradi mwingine kabisa ambao sitautaja, niliitwa kwenye mkutano wa wananchi. Tuliketi kwenye mahema. Mtu mmoja akaonyesha picha ukutani, akazungumza Kiingereza kilichochanganyika na Kiswahili, tukapigiwa makofi tukajipigia wenyewe. Karatasi ikapita, kila mtu akaandika jina, nambari ya kitambulisho na sahihi. Nami nikaandika. Kisha ikaja biriani, na nauli katika bahasha.

Baadaye niliiona ripoti ya mradi ule. Mwisho wake palikuwa na kiambatisho cha majina ya "wananchi walioshauriwa", na jina langu lilikuwamo. Hakuna mahali palipoandikwa nilisema nini, kwa sababu sikusema kitu. Nina stashahada, nasoma na kuandika kwa ajili ya riziki yangu, na bado nilitumika kama muhuri. Je, bibi yangu wa Matondoni?

Ndiyo maana nikausoma uamuzi wa Lamu kwa namna ya pekee. Uliniambia mimi kwamba kuhudhuria si kukubali, na kwamba kuulizwa kabla ya majibu kupatikana si kuulizwa.

Je, tulikataa umeme?

Sasa nirudi kwa mzee wangu wa Chepilat. Yeye hoja yake ni bei. Kiwanda cha chai hukausha majani kwa mvuke wa boila zinazochomwa kuni, lakini mashine za kukata na kuchambua zinakwenda kwa umeme. Bili ikipanda inakatwa katika mapato kabla mkulima hajapata bonasi. Na miaka hii bonasi ya viwanda vya upande huu wa magharibi ya Bonde la Ufa imekuwa chini kuliko ile ya wenzao wa Mlima Kenya. Mtu mwenye uchungu huo akisikia watu wamekataa stima, atawaona wendawazimu.

Lakini tufanye hesabu pamoja. Mwaka 2019 mahitaji ya umeme ya Kenya nzima, katika saa ya matumizi makubwa zaidi, yalikuwa hayajafika megawati 2,000. Mtambo mmoja wa megawati 1,050 ungekuwa zaidi ya nusu ya hayo. Mkataba ulikuwa wa miaka 25, na ulikuwa wa aina ambayo Kenya Power inalipia uwezo wa mtambo hata kama umeme wenyewe hautumiki. Taasisi ya utafiti ya IEEFA ilikadiria mwaka 2019 kwamba malipo hayo yasingepungua dola milioni 360 kila mwaka, mtambo ukiwaka au usiwake. Fedha hizo zingetoka wapi? Zingetoka katika bili. Katika bili ya hoteli ya Shela, ya kinu cha mahindi cha Mpeketoni, na ya kiwanda cha chai cha Bomet.

Kwa hiyo, mzee wangu, waliokwenda mahakamani kutoka Lamu walikuwa wakiitetea na bonasi yako pia, ingawa hawakuwa wakikujua. Umeme mwingi wa Kenya tayari unatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya maji, upepo na jua. Lamu haikukataa taa. Ilikataa taa iliyoletwa bila kuulizwa, kwa bei isiyoelezwa, na moshi wake ukibaki kwake.

Maji ya Kipsonoi

Nilipomwambia hivyo, mzee alicheka akasema, "Basi na sisi tuna habari." Akanikumbusha jambo ambalo wengi wetu Pwani hatulijui.

Mto Kipsonoi unaopita Sotik hukusanya mvua ya milima hii ya chai na kuiteremsha hadi mto Sondu. Huko chini, karibu na Ziwa Victoria, ndiko uliko mtambo wa Sondu-Miriu wa megawati 60, ulioanza kazi mwaka 2008. Baadaye ukaongezwa mtambo wa Sang'oro wa megawati 21 unaotumia maji yale yale yakishatoka. Ujenzi ulianza mwaka 1999 kwa mkopo wa Japani, na tathmini yake ya mazingira ilitangulia sheria ya EMCA. Wakazi wakalalamika: vumbi, ajira, fidia, na mto utakaobaki na maji kidogo baada ya kuchepushwa. Malalamiko yalifika mpaka Japani na fedha za awamu iliyofuata zikachelewa. Mwaka 2001 ikaundwa kamati iliyowakutanisha wakazi, wahandisi na maafisa, ikawa inakaa na kujadili jambo moja moja. Mradi haukufa. Ulichelewa, ukarekebishwa, ukamalizika.

Nimelileta hili kwa sababu wapo wanaosema kwamba wananchi wakipewa nafasi ya kusema, hakuna kitakachojengwa. Sondu-Miriu imejengwa, na inawasha taa mpaka leo.

Na upande wa pili upo mfano wa Kinangop, kaunti ya Nyandarua. Mradi ule ulikuwa wa upepo, si wa makaa. Ulikuwa megawati 60 za umeme safi. Lakini mambo ya ardhi na ya wananchi hayakuwekwa sawa, ghasia zikazuka, mtu akapoteza maisha mwaka 2015, na mwaka 2016 wenye mradi wakatangaza kuuacha. Umeme safi nao ukiletwa kwa njia chafu huanguka.

Kwetu Pwani jambo hili halijaisha. Tuliona Uyombo, Kilifi, serikali ilipokusudia kujenga mtambo wa nyuklia. Mei 2024 wakazi waliandamana na wakakabiliwa na polisi kwa nguvu. Baadaye macho ya serikali yakaelekea Siaya. Ndugu zetu wa Siaya nao watauliza maswali yale yale. Na wavuvi 4,600 wa Lamu, ambao mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari ya LAPSSET, ni ushahidi kwamba ni ghali zaidi kuomba radhi kuliko kuomba ruhusa.

Ya kushika

Mwenye kusoma makala haya na akasahau mengine yote, naomba abaki na haya.

Ukisikia mradi unakuja kwenu, uliza kwanza: tuko hatua gani? Je, utafiti umekamilika au ndiyo mnaanza? Mkutano wa mwanzo na mkutano wa majibu ni vitu viwili. Mmoja hauchukui nafasi ya mwingine.

Omba ripoti yenyewe kwa barua, ukitaja Kifungu cha 35 cha Katiba. Weka nakala ya barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Omba muhtasari kwa Kiswahili.

Ukitia sahihi ya kuhudhuria, andika kando yake maneno mawili: "nimehudhuria tu." Kama una pingamizi, liandike na ulipeleke, usilisemee msikitini au sokoni pekee. Maneno ya mdomo hupotea, karatasi husimama kizimbani.

Andika tarehe ambayo leseni imetolewa, kisha hesabu siku 60. Usingoje siku ya 59. Haki nyingi za watu wetu hazikushindwa kwa hoja, zilishindwa kwa kalenda.

Msiende mmoja mmoja. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Save Lamu ilikuwa na wavuvi, akina mama, walimu na wazee wa mji chini ya jina moja, na ndiyo sababu haikuchoka miaka yote ile.

Na mwisho, msikilize jirani anayeutaka mradi. Kijana asiye na kazi na mkulima anayesubiri fidia si maadui. Ukimtukana, mwenye mradi atamchukua awe shahidi wake. Ukikaa naye, mtauliza pamoja: ajira ngapi, za muda gani, fidia lini?

Jana jioni mzee alipita tena dukani. Nilikuwa nimemuandikia hizi nukta kwenye karatasi ya kufungia nguo. Alizisoma polepole, akakunja karatasi akaitia mfuko wa koti. Akaniambia huku kwao yapo maneno maneno ya mtambo mdogo wa umeme wa maji, bado ni tetesi, hajui kama ni kweli. "Lakini wakija," akasema, "nitawauliza tuko hatua gani."

Nikamwambia, inshallah, na wewe usiwafukuze. Waulize tu, na uandike majibu.